Chokaa ya Afande Ojara

22 Machi, Jumapili

Juzi tuliswali Idi kwenye kiwanja cha babu, na wanaume wakarudi nyumbani na udongo mwekundu kwenye vipaji vya nyuso kama waliopigwa muhuri. Imamu mwenyewe aliteleza alipoinuka kutoka kwenye sijda. Hilo limempa nguvu mdogo wangu Tamim. Leo, katika chumba cha nyuma cha duka lake la kanzu karibu na soko la Owino, amewaambia wadhamini wenzake wa kiwanja kwamba kiwanja kimekufa, kwamba nyasi hazitaki tena kuota pale Mbuya, na kwamba dawa ni kutandaza matofali ya saruji. Siku ya Idi watu wataswali pakavu, siku nyingine magari yataegeshwa.

Nilisimama bila kupewa ruhusa, nikasema kwa dakika arobaini. Niliwakumbusha kwamba Mzee Jibril, babu yetu, alitoa ardhi ile kwa mambo mawili, swala na mpira, na kwamba hakuna kati ya hayo mawili linalohitaji maegesho. Mdhamini mmoja alisinzia. Mwisho Tamim akasema, "Basi kiwanja chukua wewe, Dada Kheir. Kikiwa kijani Idi ya kuchinja, hakiguswi. Kikibaki hivi, matofali yanaanza kesho yake."

Siku sitini na sita. Nimewahi kuwashinda mawaziri wawili na askofu mmoja kwenye redio. Sioni kwa nini nyasi zinishinde.

24 Machi

Nimekikagua kiwanja. Nyasi ni paspalamu, au zilikuwa. Sasa ni njano, nyembamba, zimeacha mapengo, na kwenye mapengo kumeota kuvu la kijani linaloteleza kama sabuni.

Mtunzaji ni Ojara, sajini mstaafu wa polisi, Mwacholi, Mkatoliki. Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa. Anaishi vyumba viwili nyuma ya goli la juu, na kila jambo analifanya kama yuko gwarideni. Kila Ijumaa anachora upya mistari ya mpira kwa chokaa. Kila Idi, mara mbili kwa mwaka, anafunga kamba kwenye vigingi vyake vya chuma vya siku zote na kutuchorea safu za swala, zimelala mshazari uwanjani kuelekea kibla. Hakuna Mwislamu aliyewahi kumsahihisha. Tunajipanga tu.

Nimemkuta anakung'uta mabaki ya chokaa mbele ya goli la juu. Pale pana kipara kikubwa kama ungo, hakioti hata gugu. Nimemuuliza humwaga pale tangu lini. Akasema tangu zamani.

Kumbe mwuaji nimemkuta na silaha mkononi.

27 Machi, Ijumaa

Makala yangu ya Ijumaa imetoka gazetini. Nainakili sehemu niipendayo:

"Mpe polisi wetu debe la chokaa, kisha ufiche kila usichotaka kiwe cheupe. Atapaka mawe, atapaka mashina ya miti, atapaka ukingo wa choo, na jogoo akichelewa kupita naye atapakwa. Kwenye kiwanja kimoja cha Mbuya, sajini mstaafu amekuwa akiwachomea watoto wetu nyasi kwa chokaa kwa miaka kumi na tisa, na sisi tumemshukuru kwa mistari iliyonyooka."

28 Machi

Imesambaa kwenye simu za Kampala nzima. Jogoo amewafurahisha.

1 Aprili

Nimesoma sana wiki hii. Nyasi za njano zina njaa ya naitrojeni. Hili hata mtoto wa shule ya msingi anajua. Nimenunua mifuko minne ya yurea, tukaimwaga leo saa sita mchana, mimi na Ojara. Jua lilikuwa kali. Ojara alisimama na ndoo yake akaangalia juu. "Madamu, hii tungoje mvua. Mbolea bila maji iko kama pilipili bila ugali."

Nilimwambia mvua za masika hazijawahi kumwomba mtu ruhusa, zitakuja tu.

2 Aprili

Hakuna mvua.

3 Aprili

Hakuna mvua. Ojara anaangalia juu kwa namna ya mtu anayeandika ripoti.

5 Aprili, Jumapili

Nyasi zimeungua. Mabaka ya kahawia kila mahali mkono wangu ulipokuwa mkarimu. Tamim alipita kutoka kwa mkwewe, akasimama nje ya uzio mikono nyuma. "Bambi, pole Dada," akasema. "Ile kazi ya matofali umeianza mwenyewe?"

Nilimjibu maneno ambayo mama angenipigia kofi.

6 Aprili

Mvua. Sasa.

14 Aprili

Nakiri kwamba baada ya mvua ya wiki nzima yurea imefanya kitu. Kuna kijani. Lakini leo nilipokuwa naanika nguo juu ya dari ya nyumba yangu, ambako kiwanja chote huonekana chini yangu, niliona kwamba kijani chenyewe kimekaa mistari mistari: mstari wa kijani kibichi, pengo la njano, mstari, pengo, na yote imelala upande. Nilishuka mbio kumkabili Ojara. Nilimwambia anamwaga mbolea kama mtu anayelisha kuku, anatembea na kutupa palepale anapotembea. Akasema alimwaga kama nilivyomwonyesha. Nilimwambia basi nilimwonyesha vibaya, na nilisema kwa sauti ya kumaanisha sikumwonyesha vibaya.

15 Aprili

Tamim amempa Ojara barua. Utumishi wake unakoma siku ya Idi ya kuchinja, na vyumba avirudishe. Sababu imeandikwa: "kama ilivyobainishwa gazetini." Ameambatanisha makala yangu.

Nilimpigia simu nikamwambia sikuandika ili mtu afukuzwe. Tamim hakukasirika. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, "Dada, uliandika kwamba anaua nyasi kwa miaka kumi na tisa. Ulitaka nimpe zawadi?"

Miaka thelathini nimesema kalamu ina nguvu. Ilikuwa sifa, si onyo.

17 Aprili, Ijumaa

Nilikwenda kwa Ojara nikiwa na hotuba. Nilimkuta anakoroga chokaa. Nilimuuliza kwa nini bado anachora, na barua ameipata.

"Barua inasema mpaka Idi," alisema. "Idi bado."

Hotuba ikaniishia. Aliniletea kiti, kisha chai ya rangi yenye tangawizi nyingi mno. Ndani mwake mna kitanda kimetandikwa bila kunyanzi hata moja, picha ya marehemu mkewe, na nje mlangoni mawe kumi na mawili meupe, yamepangwa kwa ukubwa. Sikuyatazama sana.

Binti yake Aol alikuwa amekuja kumwona. Ana miaka kama thelathini, mpole wa sura, na anafanya kazi kwenye maabara ya udongo. Makala aliisoma, nilijua kwa jinsi alivyonisalimia. Nilimweleza habari ya naitrojeni na chokaa na kuungua kwa nyasi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Anti, umepima udongo?"

"Nimesoma vitabu vitatu."

"Sikuuliza kama umesoma."

Baba yake alijifanya anatafuta sukari.

Nimempenda yule msichana na simwambii mtu. Amesema tuchukue udongo wa sehemu kumi na tano, kina cha kiganja, tuuchanganye kwenye ndoo safi, tumpelekee robo kilo.

20 Aprili

Nilikuwa na mdahalo redioni, nimemwachia Ojara kazi ya kuchimba. Mdahalo nimeshinda.

28 Aprili

Majibu. Aol alinipigia akiwa na mashaka kwenye sauti. Udongo wetu una pH sita nukta sita, karibu hauna uchachu. Kalsiamu tele. Amesema kwa mizani hiyo paspalamu ingepaswa kusimama kama zulia, na haoni ugonjwa wowote.

Nilimwambia mashine yake mbovu. Alisema mashine haina hasira na mtu. Nilimwambia nina macho. Akaniuliza kama ninayatumia. Tulikwenda hivyo dakika kumi, na sijafurahia ugomvi namna hii tangu mume wangu afariki, Mungu amrehemu, ambaye naye hakuwa akikubali.

Kisha akauliza, "Baba alichimba wapi?"

Sikujua. Nilisema kesho nitamuuliza.

29 Aprili

Usiku ilinyesha mvua ya kuvunja mapaa. Asubuhi nilimkuta Ojara anazibua mfereji, nikamuuliza udongo aliutoa wapi. Alinyooka, mikono ubavuni.

"Nilichukua kwa laini, Madamu. Umesema sehemu kumi na tano. Natembea hatua saba, nachimba. Hatua saba, nachimba. Kona mpaka kona."

"Laini ipi?"

"Hii ya pembeni. Nyeupe. Ndiyo ninaona vizuri, siwezi potea."

Mtu mwingine yeyote angezurura uwanjani akichokora huku na kule. Polisi alitembea juu ya mstari. Nilimpigia Aol palepale. Nikasikia anacheka, kicheko cha mtu aliyelelewa na baba huyo. "Anti, baba hakunipa udongo wa kiwanja. Amenipa udongo wa chokaa yake. Mvua imefuta mistari, siyo? Tazama pale ilipokuwa."

Nilitazama. Mstari wa pembeni ulikuwa umeoshwa, hakuna weupe hata kidogo, na bado ulionekana wazi kutoka kona hadi kona, kwa kuwa ulikuwa wa kijani. Nyasi nene, pana kama mkeka, zimesimama. Hatua moja ndani, njano na kuvu.

Sikumuaga Ojara, nilipanda darini kwangu bila hata kuvua viatu vya matope. Ile mistari ya kijani niliyoiona wiki mbili zilizopita, niliyomtukania mtu, ilikuwepo yote. Haikuwa imelala upande ovyo. Ilikuwa inaelekea kibla. Nikaihesabu: safu ishirini na sita, na kila moja inaanzia kwenye kigingi cha chuma cha Ojara. Mbolea yangu ilimwagwa uwanja mzima, lakini nyasi zimeila pale tu alipotuchorea safu kwa miaka kumi na tisa, Idi mbili kila mwaka, Mkatoliki yule, kwa kamba ileile, kwenye vigingi vilevile, bila kukosea hata upana wa kidole.

2 Mei

Aol amekuja mwenyewe, amechimba katikati ya kiwanja, na ameniletea majibu nyumbani. pH nne nukta sita. Udongo umechacha kama maziwa ya juzi. Amenieleza polepole, na kwa mara ya kwanza sikumkatiza. Kwenye udongo mchachu kiasi hicho alumini inayeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Fosforasi inakuwepo, ila imefungwa, mmea hauifikii. "Ni kumwekea mtu pilau mbele huku umemfunga mdomo," alisema. Na yurea, kila inapoyeyuka ardhini, inaongeza uchachu. Kwa maana hiyo mbolea yangu ilinipa kijani cha siku kumi na kuacha udongo mbaya kuliko nilivyoukuta.

Nilimuuliza kuhusu kipara cha mbele ya goli. Huko, amesema, nilikuwa sahihi: chokaa ya kupakia ni kali; kidogokidogo, kama ya mistari, huondoa uchachu, lakini ukiimwaga lundo mahali pamoja inaua. Mahali pamoja, ukubwa wa ungo, kati ya kiwanja kizima. Huo ndio ushahidi niliomfukuzia mtu kazi.

Dawa ni chokaa ya shamba, jiwe lililosagwa, mifuko thelathini, itawanywe sawasawa. Na nyasi zikikatwa zibaki hapohapo zioze. Ojara amekuwa akiwapa mbuzi wa jirani, na pamoja nazo potasiamu yetu yote. Nilimuuliza kama kiwanja kitakuwa kijani ifikapo Idi.

"Hapana, Anti. Chokaa haina haraka. Mwakani, ndiyo."

Nilitaka anidanganye kidogo. Hana kipaji hicho.

5 Mei

Mfanyabiashara wa Nakasero niliyewahi kumtetea gazetini ametoa lori lake, na mifuko imefika kutoka Tororo. Ojara ametugawa: nusu ya chokaa tukitembea kutoka goli hadi goli, nusu tukikata upande, ili pasibaki pengo. Nilimwuliza amejifunzia wapi. Akasema hivyo ndivyo polisi hutafuta maiti kwenye nyasi ndefu.

Tamim alikuja kuangalia tu, akiwa na kanzu nzuri. Saa tisa alikuwa mweupe hadi kwenye nyusi, na alikuwa akibishana na Ojara kuhusu upana wa hatua. Nilimwambia sasa amepakwa, hana tofauti na yule jogoo. Alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu barua bado ni barua. Nilimwambia aifute. Alisema wadhamini waliipitisha kwa neno langu lililochapishwa, na hawezi kuwarudia kwa neno langu la mdomoni.

Alikuwa na haki. Nachukia anapokuwa na haki, tangu utotoni.

7 Mei

Nimeandika, nimechana. Nimeandika, nimechana. Ninajua maneno arobaini ya kumwita mtu mjinga, na sijui hata moja la kuanzia.

8 Mei, Ijumaa

Imetoka. Ni fupi kuliko zote nilizowahi kuandika.

"Machi 27 niliandika hapa kwamba Sajini mstaafu Ojara ameua nyasi za kiwanja cha Mbuya kwa chokaa. Udongo umepimwa. Nyasi pekee zilizo hai pale ni zile alizozipa chokaa yeye. Aliyeziunguza nyasi mwaka huu ni mimi, kwa yurea, saa sita mchana, baada ya yeye kunionya. Sikupima kabla ya kuandika. Nilipenda sentensi yangu ya jogoo kuliko nilivyopenda ukweli. Naomba radhi kwake, kwa jina langu lote, Umulkheir binti Abdulghani."

Mhariri alipiga simu kuuliza kama niko mzima.

9 Mei

Nilimpelekea Ojara gazeti mwenyewe. Alivaa miwani, akasoma akiwa amesimama, kidole chini ya mstari, mpaka mwisho. Alilikunja mara nne.

Nilisema nimemkosea sana, na kwamba sikujua jinsi ya kulisema hilo mbele yake ndiyo maana nimelisema mbele ya watu wote.

"Madamu," alisema, "nimekuwa polisi miaka thelathini. Nimetukanwa na watu wengi. Na wale walikuwa na mawe."

Kisha akanitengenezea chai. Tangawizi ileile. Nimeanza kuizoea.

12 Mei

Mvua. Ojara ananipigia kila asubuhi saa kumi na mbili kunipa hali ya kiwanja, kama ripoti ya zamu: kiasi cha mvua, maji yaliyosimama, mbuzi waliokamatwa. Leo mmoja.

19 Mei

Katikati kumeanza kubadilika rangi, kutoka njano ya homa hadi njano ya mtu anayepona. Si kijani. Tamim amepita na kutazama. Wadhamini watatoa uamuzi palepale kiwanjani baada ya swala. Kwa masharti yaleyale: kijani au matofali. Na barua.

Nimeanza kufikiri Ojara atakwenda wapi. Sijamuuliza. Nimeona ameanza kufunga vyombo kwenye boksi, na kwenye boksi ameandika VYOMBO kwa herufi zilizonyooka.

26 Mei

Leo alasiri Ojara alitoa kamba na debe ili achore safu za kesho. Vigingi alikuwa ameshavisafisha. Nilimwambia asichore.

Alinitazama kana kwamba nimemwambia asivae suruali. "Watajipanga aje?"

"Wewe umeshawapanga, Afande."

Hakupenda. Alirudisha debe ndani, lakini baada ya nusu saa nilimwona akitembea kimya juu ya kila safu, ya kwanza hadi ya ishirini na sita, anakagua.

27 Mei, Idi

Alfajiri ilinyesha kidogo, kisha jua. Nilikuwa safu za nyuma, upande wa wanawake. Watu waliingia na mikeka yao, na hakukuwa na mstari mweupe hata mmoja, na hakuna aliyeuliza. Wa kwanza aliutandaza mkeka wake juu ya kijani kwa sababu ndipo palipokuwa pakavu na laini. Wa pili akajipanga naye. Ndani ya robo saa watu elfu moja walikuwa wamesimama juu ya safu ishirini na sita za nyasi, mabega yamegusana, wanaelekea kibla, na kati ya safu na safu udongo mwekundu ulibaki wazi, hakuna aliyeukanyaga. Tuliposujudu nilisikia harufu ya majani mabichi. Nimeswali pale tangu nikiwa mtoto, sikumbuki niliisikia lini mara ya mwisho.

Waliinuka na vipaji vya nyuso safi.

Baada ya hotuba wadhamini walisimama karibu na goli la juu, Tamim katikati yao, na mimi nikajisogeza bila kuitwa. Nilikuwa na hoja saba. Mzee yule aliyesinzia mwezi Machi alikuwa macho kabisa, anaigusa safu ya kijani kwa ncha ya bakora. Akamuuliza Aol, aliyekuja kumsaidia baba yake kugawa nyama, kama mistari hii itakuwepo hata mwakani.

"Hapana, Mzee," alisema Aol. "Tumeweka chokaa kiwanja kizima. Kikipona chote kitakuwa rangi moja. Safu hazitaonekana."

Mzee akafikiri. "Sasa mwakani nani atachora?"

Nilifungua mdomo. Tamim alinishika mkono, kwa nguvu, kama tulipokuwa wadogo na baba anakaribia, nami nikanyamaza. Wote tukageuka kumtazama Ojara. Alikuwa amekaa kwenye jiwe lake jeupe kubwa kuliko yote, sahani ya pilau mapajani, anatafuna. Alituona tunamtazama. Alimaliza kutafuna bila haraka, akafuta mdomo kwa leso.

"Mimi ninachora," alisema. "Lakini chokaa mnanunua nyinyi. Na Madamu asishike mbolea."

Matofali hakuna aliyeyataja. Tamim alitoa mfukoni mwa kanzu nakala ya ile barua ya kumwachisha kazi. Nadhani ilikuwa humo tangu asubuhi. Aliikunja mara nne, akampa Ojara aiweke chini ya sahani, isimchome mapaja.